Tepu ya 15TB imejaa ikiwa na 5.46TB: imeharibika au?

Msomaji ameuliza hivi:

"Tumenunua draivu ya LTO-7 (kizazi cha saba cha tepu za sumaku za kuhifadhia data) pamoja na tepu zake. Kila tepu imeandikwa 6TB na 15TB. Data yetu yote, kwa hesabu ya programu ya bakapu, ni 9.2TB, kwa hiyo nilitegemea iingie kwenye tepu moja na nafasi ibaki. Baada ya saa tano na nusu hivi, programu ikaomba tepu ya pili. Kwenye ya kwanza ilikuwa imeandika 5.46TB tu. Je, tepu ni mbovu au tumeuziwa feki? Na nikiwasha ubanaji (kupunguza ukubwa wa data) wa programu juu ya ule wa draivu, nitapata zaidi? Data yenyewe ni video na picha 5.8TB, nyaraka za ofisi na PDF 1.4TB, nakala za hifadhidata 1.5TB, barua pepe na logi 0.5TB. Sijui kama inahusika, lakini usimbaji (kuficha data kwa ufunguo) tumeuwasha kwenye programu."

Inahusika, ndugu yangu, tena sana. Nitaifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi: tepu yako ni nzima na si feki. Imebeba kiasi kilekile ilichotengenezwa kubeba, hakikupungua wala kuzidi.

Namba ya 6TB kwenye lebo imehesabiwa kwa desimali, yaani baiti trilioni sita. Programu nyingi za bakapu huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, halafu zinaandika "TB" ileile. Chukua baiti trilioni sita, gawanya kwa 1,024 mara nne, utapata 5.457. Ndiyo 5.46 uliyoiona. Hakuna kilichopotea njiani, ni vipimo viwili vinavyotumia jina moja. Kuanzia hapa nitatumia hesabu ya programu yako, ili usichanganyikiwe: tepu moja ya LTO-7 ni 5.46.

Saa ulizotaja nazo zinatoa ushahidi uleule. LTO-7 huandika megabaiti 300 kwa sekunde data isipobanika. Baiti trilioni sita kwa mwendo huo ni sekunde 20,000, yaani saa tano na dakika 33. Umeniambia saa tano na nusu. Kwa hiyo nina mambo mawili ya hakika kabla hata sijaiona seva yako: data ilikuwa inafika kwenye draivu kwa kasi nzuri bila kukatikakatika, na draivu haikubana chochote. Hata kidogo. Uwiano ulikuwa 1 kwa 1 kamili.

Na hapo ndipo nilipoanza kushuku. Video hazibaniki, hilo linajulikana. Lakini una nakala za hifadhidata za 1.5TB, na data ya namna hiyo hubanika vizuri sana. Ungepata angalau kitu. Data ya mchanganyiko kama yako ikitoa 1 kwa 1 kamili, maana yake kuna kitu kinaivuruga kabla haijafika kwenye draivu. Kitu hicho umekitaja mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho, ile uliyoiandika kwa kusitasita: usimbaji kwenye programu.

Ili uone kwa nini, angalia draivu inavyobana. Kila draivu ya LTO ina kichakataji chake kinachobana data ikiwa inapita, kwa kanuni inayoitwa SLDC, mtoto wa kanuni waliyoichapisha Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977. Wazo lake ni jepesi: kumbuka ulichokiona muda mfupi uliopita, na kikijirudia usikiandike tena, elekeza tu kilipo. Chukua mistari hii miwili ya logi ya milango:

2024-03-01 08:00:05;MLANGO-03;UMEFUNGWA
2024-03-01 08:00:09;MLANGO-03;UMEFUNGWA

Kila mstari una herufi 40 ukihesabu na ile ya kufunga mstari. Draivu ikifika mstari wa pili haiandiki herufi 40. Inaandika kitu kama: rudi nyuma 40, nakili 18; weka 9; rudi nyuma 40, nakili 21. Basi. Maagizo matatu mafupi, na mstari mzima umekwisha. Ndiyo maana logi na hifadhidata hunywea kama puto lililotobolewa.

Sasa usimbaji kazi yake ni nini? Ni kuhakikisha kwamba mistari hiyo miwili, ikishasimbwa, haifanani kwa lolote. Usimbaji unaoacha marudio yanaonekana ni usimbaji mbovu. Kwa hiyo programu yako ilichukua 1.5TB ya hifadhidata iliyojaa marudio, ikaigeuza kuwa kitu kisichotofautiana na kelele, ndipo ikaikabidhi draivu. Draivu ikatafuta marudio, haikuona kitu, ikapitisha data kama ilivyo.

Kumbukumbu hiyo ya draivu, kwa njia, ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia LTO-1 mpaka LTO-5 draivu ilikumbuka baiti 1,024 tu za nyuma, yaani mistari kama 25 ya logi yetu ile. LTO-6 ikaipanua hadi kilobaiti 16, mistari kama 400. Ni maendeleo makubwa, lakini bado ni dirisha dogo. Ukiwa na faili moja la megabaiti 20 ambalo watumishi watano wamelihifadhi kila mmoja kwenye folda yake, draivu italiandika mara tano bila kushtuka, kwa sababu nakala ya pili inapofika, ya kwanza ilishasahaulika zamani. Kuondoa nakala za namna hiyo ni kazi ya programu, na ni somo jingine.

Upanuzi huo wa dirisha ndio ulioibadilisha lebo. Vizazi vitano vya kwanza viliandikwa kwa uwiano wa 2 kwa 1: LTO-1 ya mwaka 2000 ilikuwa 100GB na 200GB, LTO-5 ikawa 1.5TB na 3TB. LTO-6 ilipotoka mwaka 2012, uwiano wa lebo ukapanda kuwa 2.5 kwa 1, ndiyo maana ikaandikwa 2.5TB na 6.25TB. Yako ni 6 na 15, LTO-9 ni 18 na 45. Angalia jambo hili: namba ya kwanza ni kipimo cha tepu. Ya pili haipimi tepu kabisa. Ni makisio ya data yako, yaliyofanywa na mtu ambaye hajawahi kuiona data yako. Wanaandika "hadi" au "ikibanwa" kwa herufi ndogo pembeni, kwa hiyo kisheria hawajasema uongo. Mimi binafsi ningeifuta ile namba kwenye lebo zote duniani, ila hakuna anayeniuliza.

Hebu tujaribu kuwa wakarimu. Tuseme usimbaji umezimwa. Je, 15TB ingewezekana kwa data yako?

Watu wengi hufanya hesabu hii kwa kuchukua wastani wa uwiano. Nusu ya data inabanika 4 kwa 1, nusu haibaniki, basi wastani ni 2.5. Sivyo. Chukua 10TB: tano zisizobanika zinabaki tano, tano nyingine zinakuwa 1.25, jumla 6.25. Uwiano ni 1.6, mbali kabisa na 2.5. Tena hata zile tano za pili zingegeuka kuwa sifuri, zikayeyuka zote, bado uwiano usingezidi 2 kwa 1, kwa sababu tano za kwanza zipo palepale. Ukitaka kufika 2.5, sehemu isiyobanika lazima iwe chini ya asilimia 40 ya data yote. Kwako video na picha peke yake ni asilimia 63.

Na ukitaka jibu la mkato zaidi: video na picha zako ni 5.8, tepu ni 5.46. Hazitoshi kwenye tepu moja hata ukiacha nje kila kitu kingine.

Labda utauliza kwa nini video zisibanike. Zinabanika, ila zilishabanwa. Kamera ilipoandika JPEG ya picha au H.264 ya video ilifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa kuliko draivu yoyote ya tepu, tena kwa kutupa vitu ambavyo jicho halivioni. Kilichobaki ni kiini. Hali ni hiyohiyo kwa MP3 na, jambo linalowashangaza wengi, kwa nyaraka za ofisi. Faili la .docx au .xlsx ni ZIP iliyovaa nguo nyingine. Kama huamini, nakili moja, badilisha kiambishi chake kiwe .zip, ulifungue: utakuta folda na mafaili ya XML ndani. PDF nazo kwa kawaida zimebanwa ndani kwa ndani. Kwa hiyo ile 1.4TB yako ya nyaraka usiiwekee matumaini, ningeihesabu 1.1 kwa 1 na kuendelea na mambo mengine.

Wapo wanaoamini ipo programu kali zaidi inayoweza kubana hata hizo. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alilimaliza hilo mwaka 1948 alipoonyesha kwamba kila chanzo cha habari kina kiwango ambacho huwezi kwenda chini yake bila kupoteza kitu. Huhitaji hesabu zake ngumu kuliona hilo. Chukua mafaili yote yanayowezekana yenye urefu wa biti 10: yapo 1,024. Sasa hesabu mafaili yote yaliyo mafupi zaidi ya hapo, kuanzia lile tupu lisilo na biti hata moja mpaka yale ya biti 9: yapo 1,023. Ukisema programu yako inafupisha kila faili la biti 10, basi kuna mafaili mawili tofauti yaliyofupishwa kuwa kitu kimoja, na siku ya kurejesha hutajua lipi ni lipi. Ubanaji usiopoteza data hufaulu kwenye baadhi ya mafaili kwa sababu tu unakubali kushindwa kwenye mengine. Haupo wa kubana vyote, na hautakuwepo.

Tukirudi kwenye data yako, hii ndiyo hesabu ambayo ningeiandika kwenye karatasi. Video na picha 5.8, zinabaki 5.8. Nyaraka 1.4, zinakuwa 1.27. Hifadhidata 1.5 kwa uwiano wa 3.5 zinakuwa 0.43. Barua pepe na logi 0.5 kwa uwiano wa 2 (barua pepe zina viambatisho, na viambatisho ni picha na PDF zilezile) zinakuwa 0.25. Jumla 7.75. Uwiano wa jumla ni 1.19 kwa 1.

Yaani tepu mbili. Na data yote bila kubanwa, 9.2, nayo ni tepu mbili, kwa kuwa mbili zinabeba 10.92. Kwa hiyo nikikwambia ukimbie leo ukabadilishe mipangilio ya usimbaji, nitakuwa nakusumbua bure: idadi ya tepu haibadiliki. Kinachobadilika ni nafasi ya kukua. Ukiacha kama ilivyo, una 1.7 kabla ya kuhitaji tepu ya tatu. Ukiruhusu ubanaji, una kama 3.2. Hayo ni maamuzi yako, na yanategemea data yenu inakua kwa kasi gani.

Uwiano niliouweka kwenye hifadhidata na barua pepe ni makisio yangu, na nimetoka kuwalaumu wenye lebo kwa kukisia. Kwa hiyo pima. Chukua folda moja inayowakilisha kila aina ya data, kisha:

tar cf - /njia/ya/folda | wc -c
tar cf - /njia/ya/folda | gzip -1 | wc -c

Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, huo ndio uwiano. gzip ina dirisha la kilobaiti 32 na ujanja wa ziada ambao draivu haina, kwa hiyo punguza kidogo jibu unalopata, ikisema 3.5, panga kwa 3. Ukishaanza kuandika kwenye tepu yenyewe, acha makisio kabisa. Draivu inaweka hesabu ya baiti ilizopokea kutoka kwenye seva na baiti ilizoandika kweli kwenye tepu. Kwenye Linux utaziona kwa amri ya sg_logs, ukurasa 0x0c. Linganisha hizo mbili, utaujua uwiano wa data yako, tena bila kumwamini mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Chagua sampuli kwa uangalifu lakini. Kuna ofisi niliwahi kuwafungia mfumo wa bakapu, wiki ya kwanza uwiano ukaja zaidi ya 5 kwa 1 na mimi nikatembea kifua mbele. Kumbe zilikuwa taswira za diski za seva pepe, seva zenyewe mpya, diski karibu tupu. Tulikuwa tunabana sifuri. Kadiri diski zilivyojaa ndivyo uwiano ulivyoshuka, na usiku mmoja bakapu ikasimama katikati ikisubiri tepu ambayo hakuna aliyeiweka. Sikuwa na wa kumlaumu. Tangu hapo napanga idadi ya tepu kwa namba ndogo ya lebo, na chochote ubanaji unachoongeza nakihesabu ni nyongeza.

Swali lako la pili, kubana mara mbili. Hapana, hutapata zaidi. Kitu kilichokwisha kubanwa vizuri hakina marudio ya kubanwa tena. Ila sikwambii uzime ubanaji wa draivu kwa woga. Ushauri huo ni wa zama za draivu za tepu za zamani kama DDS, ambako data iliyokwisha kubanwa ilikuwa inavimba ikipita tena kwenye kibanaji. SLDC ina njia ya pili ya kupitisha data kama ilivyo inapoona haibaniki, hivyo hasara ni ndogo mno hata hutaiona. Uache umewaka.

Kinachohitaji mpangilio ni usimbaji. Sheria ni moja: bana kwanza, simba baadaye. Hilo unaweza kulifanya kwa njia mbili. Ya kwanza, acha usimbaji ubaki kwenye programu, lakini washa na ubanaji kwenye programu hiyohiyo, kwa sababu programu zilizotengenezwa vizuri hubana kabla ya kusimba. Gharama yake ni kichakataji cha seva: lazima kiweze kubana na kusimba bila kushuka chini ya kasi ambayo draivu inaihitaji. Kikizidiwa, draivu itaanza kupunguza mwendo, na ikishindwa kupunguza zaidi itasimama, irudi nyuma, ijipange, ianze tena, mamia ya mara kwa usiku. Hilo linakula muda na linachosha tepu na kichwa cha draivu.

Njia ya pili ni kuhamishia usimbaji kwenye draivu. Tangu LTO-4, draivu zinaweza kusimba zenyewe kwa kanuni ya usimbaji ya AES yenye ufunguo wa biti 256, na zinabana kwanza ndipo zinasimba. Ningechagua hii kama programu yako ina uwezo wa kusimamia funguo za draivu. Kabla hujaiwasha, jiulize ufunguo utakaa wapi siku seva ya bakapu itakapoungua. Ukiwa kwenye seva hiyo tu, tepu zako zote zitakuwa plastiki. Uchapishe, uuweke kwenye sefu, jengo jingine, na ujaribu kurejesha faili moja kwa kutumia nakala hiyo.

Brosha za LTO-7 zitakwambia pia kasi ya megabaiti 750 kwa sekunde. Ni ile 300 iliyozidishwa kwa 2.5, makisio yaleyale yamevaa koti jingine. Ili uione, data lazima ibanike 2.5 kwa 1 na diski zako ziweze kuilisha draivu megabaiti 750 kila sekunde bila kupumzika. Diski zilizojaa mafaili madogo madogo hazifiki huko.

Umeuliza kama tepu ni mbovu, kwa hiyo nikupe na alama ya tepu mbovu uijue siku utakapokutana nayo. Draivu ikiandika, kichwa cha kusoma kinafuata nyuma mara moja kuhakiki. Sehemu isiyosomeka vizuri inaandikwa tena mbele zaidi, na nafasi ile inapotea. Tepu ikichakaa au kichwa kikichafuka, marudio hayo yanaongezeka na tepu inajaa mapema. Kwa hiyo kama data ileile iliyokuwa ikifika 5.46 siku moja inaishia 4.9, safisha kwanza draivu kwa tepu ya kusafishia, jaribu tena, kisha jaribu tepu nyingine. Tatizo likihama na tepu, ni tepu. Likibaki na draivu, piga simu kwa aliyekuuzia ukiwa na zile hesabu za sg_logs mkononi.